Nina majeshi matatu kabatini, na sijapigana hata pambano moja

Shikamoo dada,

Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa muda mrefu, hasa yale ya watu waliokwama kwenye kupaka rangi, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja na mimi nitakuandikia. Leo nimekwama mahali ambapo brashi peke yake haitanitoa.

Mimi ni mwanamume wa miaka 38. Miaka mitatu iliyopita, mimi na rafiki yangu niliyesoma naye tangu shule ya msingi tulikubaliana kuanza mchezo wa vita wa mezani. Tulichagua vita vya Napoleon, mwaka 1815, kwa vijisanamu vya milimita 28. Mimi nikachukua Wafaransa, yeye Waprusia, wale Wajerumani wa ufalme wa Prussia. Makubaliano yalikuwa mepesi: kila mmoja ajenge batalioni mbili za askari wa miguu, mzinga mmoja na wapanda farasi wachache, kisha tukutane mezani. Mengine tungeongeza baada ya hapo.

Jioni ile ile niliyopata boksi la kwanza nilikata fremu, nikaanza kukwangua mstari wa kalibu kwenye mikono na kofia, nikagundisha askari mmoja mmoja. Nilifurahi kama mtoto. Nikapaka wanane wa kwanza, wanne wenye mabega mekundu na wanne wenye mabega ya njano. Walinichukua wiki sita. Kila kifungo nilikipaka, kila mkanda, hata ile alama ya shaba kwenye kofia. Najivunia sana wanane hao.

Halafu nikaona jeshi la mifupa inayotembea, la mchezo wa njozi, nikavutiwa. Nikanunua. Lilikuwa na mabango mazuri na farasi wa mifupa, nikaunganisha watano, nikawapaka, nikaacha. Baadaye nikaanza kusoma tena habari za Hannibal, jemadari wa Karthago, na tembo wake, habari nilizozipenda tangu utotoni, nikaagiza Warumi na Wakarthago wa milimita 15. Hao bado wako kwenye pakiti zao. Katikati ya hayo nikanunua kwa mtu kopo la wapanda farasi wa zamani, wa madini ya risasi, 22, na sasa naona wameanza kuota unga mweupe miguuni.

Wiki iliyopita nilitoa kila kitu kabatini nikahesabu. Wafaransa 120, mifupa 96, Warumi na Wakarthago 150, wapanda farasi wa risasi 22. Jumla 388. Waliokamilika ni 13. Kuna Wafaransa wengine 16 niliowapulizia praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha nyingine, siku ya mvua, wakatoka wamekwaruza kama waliomwagiwa mchanga laini, na nikawatupia nyuma ya kabati kwa hasira.

Rafiki yangu yeye amemaliza sehemu yake. Miezi minne iliyopita alikuja nyumbani na sanduku alilolitandika sponji, kila askari na tundu lake. Akamtoa mmoja wa Landwehr, wale askari wa akiba wenye msalaba mweupe kwenye kofia, akaniwekea kiganjani. Nikamsifu, kwa kweli amempaka vizuri. Nikamwambia nimewaza sana, naona ni bora tuhamie milimita 15, tufanye Warumi na Wakarthago, nikamletea zile pakiti azione. Akazitazama, akasema, "Sawa." Akamrudisha yule askari kwenye tundu lake, akafunga sanduku. Tangu siku hiyo tukikutana tunazungumza mambo mengine. Nadhani na yeye amechoka na mchezo huu.

Dada, niuze vyote? Au nichague jeshi moja niuze mengine? Na kama ni moja, lipi? Na wale 16 walioharibika kuna namna ya kuwaokoa? Na ule unga mweupe ni nini? Nikilitazama kabati usiku nahisi uzito kifuani, na kitu hiki kilikuwa furaha yangu.

Mkusanyaji

*

Marahaba, mdogo wangu.

Rafiki yako hajachoka na mchezo.

Naanza hapo kwa sababu katika barua nzima hilo ndilo ulilolipita haraka kuliko yote, na ndilo zito. Mtu aliyechoka hatandiki sanduku sponji, akakata tundu la kila askari. Ule msalaba mweupe wa Landwehr, kwenye kijisanamu cha milimita 28, hauzidi kichwa cha njiti ya kiberiti. Unapakwa kwa ncha ya brashi huku umeshikilia pumzi, na mkono ukitetemeka kidogo unafuta na kuanza upya. Ameufanya kwa kila kofia. Akabeba kazi ya miaka mitatu akaileta nyumbani kwako, akaitoa, akaiweka kiganjani mwako. Hakuja kusifiwa. Alikuja kukuuliza siku.

Nawe ukamjibu kwa kumwonyesha pakiti za milimita 15. Najua hukukusudia, maana macho yako yalikuwa kwa Hannibal. Lakini simamisha Mrumi wako mmoja kando ya Mprusia wake, uone: anamfikia kiunoni. Hawawezi kusimama meza moja. Ulichomwambia, bila kutumia maneno hayo, ni kwamba batalioni zake mbili hazina tena wa kupigana nao. Ile "Sawa" aliyoitoa naijua. Niliwahi kuisababisha mimi mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa na mwenzangu wa mchezo, dada mmoja mpole, mwenye subira kuliko watu wote niliowahi kukaa nao mezani. Tulikuwa tunajenga Waaustria na Wafaransa, mimi Waaustria. Yeye alimaliza kabla yangu. Kila alipouliza nilimwambia, subiri nimalize vitako, vile vibao wanaposimama askari, bado mchanga haujakauka, bado bendera. Akapata uhamisho wa kazi, akahamia mbali sana. Batalioni zangu nne zimekamilika, bendera zao zinapepea, na sijawahi kuzisogeza hata inchi moja mbele ya yule niliyezijenga kwa ajili yake. Nimecheza nao na wengine, ndiyo. Nikiwatoa rafuni bado namkumbuka yeye.

Kwa hiyo kabla hujauza, kabla hujanunua, kabla hujafungua hata chupa ya rangi, mpigie simu. Usimwandikie ujumbe. Na usimweleze habari za kabati wala uzito wa kifua chako, hayo mtazungumza baadaye. Mwambie ulimkosea siku ile alipokuletea Waprusia, kwamba unataka mcheze 1815 kama mlivyokubaliana, na umtajie tarehe: Jumamosi ya nne kuanzia leo. Taja tarehe, mdogo wangu. Ukimwambia "siku moja tutapanga" utakuwa umemfungia sanduku mara ya pili.

Najua unachowaza sasa: nitacheza na nini? Nina wanane.

Hapana, una batalioni nzima. Soma tena barua yako. Umepaka wanane, wanne wa mabega mekundu na wanne wa mabega ya njano. Umeharibu 16. Wanane na 16 ni 24, na 24 ni ukubwa ambao kanuni nyingi za milimita 28 zinaukubali kuwa batalioni, wanne wanne juu ya vitako sita vya milimita 40 kwa 40. Tena si 24 wa vivi hivi tu. Kwa amri ya Februari 1808, batalioni ya Kifaransa ilipangwa kuwa na kompania sita: moja ya grenadia (askari wateule), moja ya voltija (askari wepesi wa kutangulia mbele) na nne za fusilia (askari wa kawaida), kila kompania watu 140. Grenadia husimama kulia, voltija kushoto, fusilia katikati. Mabega mekundu ni ya grenadia. Mabega ya njano ni ya voltija. Bila kujua, umekwisha kupaka ncha zote mbili za safu, zile zenye mapambo na zenye taabu. Waliobaki ni fusilia wa katikati, kompania nne, yaani askari 16. Ndio hao uliowatupa nyuma ya kabati.

Niliposoma hizo namba nilisimama nikazunguka chumba.

Sasa tuwaokoe. Kilichowapata ni unyevu. Praima ya kopo inahitaji hewa kavu. Hewa ikiwa nzito, au ukipulizia kutoka mbali mno, rangi huanza kukauka kabla haijamgusa askari, ikatua ikiwa vumbi. Ndiyo ile hali ya mchanga uliyoiona. Tafuta alkoholi ya isopropili. Chukua askari mmoja tu kwanza, mzamishe kwenye chombo chenye mfuniko, umwache saa kadhaa, kisha umsugue taratibu na mswaki wa zamani. Plastiki ngumu ya askari wako kwa kawaida huivumilia vizuri, lakini jaribu kwa mmoja kabla ya kuwatia wote. Fungua madirisha, vaa glavu, na pasiwe na moto wala sigara karibu. Usithubutu kutumia asitoni, ile ya kutolea rangi ya kucha; itakuyeyushia askari hadi wawe donge. Praima haitatoka yote kwenye mikunjo, na si lazima itoke. Ukishaondoa ile mikwaruzo inatosha. Waoshe kwa maji ya sabuni, wakauke usiku kucha.

Safari hii, kama bado mvua, achana na kopo. Kuna praima ya kupaka kwa brashi, inafanya kazi hali yoyote ya hewa. Na kama siku ni kavu na unataka kupuliza, tikisa kopo dakika mbili kamili, shika umbali wa sentimita 25 hadi 30, pitisha mkono kwa mikupuo mifupi, safu nyembamba mbili badala ya moja nene.

Kwenye rangi nataka uniamini, maana hapa ndipo mkono wako utakapogoma. Wale wanane umewapaka kwa kipimo cha kushikwa mkononi. Hawa 16 wapake kwa kipimo cha meza. Mezani macho yako yatakuwa karibu mita moja kutoka kwao, na kinachoonekana kutoka hapo ni mpangilio wa rangi: bluu iliyokoza, weupe wa kifuani, wekundu wa kola, uso. Vifungo haviko. Fusilia amekurahisishia na mengine. Hakupewa ule upanga mfupi wa grenadia, kwa hiyo kifuani mara nyingi ana mkanda mmoja tu badala ya miwili inayopishana. Watazame wako, utaona. Mabegani hana vishada, ana kipande cha kitambaa cha rangi ya koti. Na suruali usizipake nyeupe. Nyeupe ni rangi ya kiburi, inataka safu tatu na bado inaonyesha alama za brashi. Askari walioko vitani walivaa walichopata, hivyo wape wengine kijivu, wengine hudhurungi, wengine rangi ya kitani. Itakuwa rahisi zaidi, na itakuwa kweli zaidi.

Praima iwe nyeusi au bluu iliyokoza. Paka makoti yote 16 kwa mkao mmoja, kisha suruali zote, kisha nyuso na mikono, kisha mikanda, bunduki, mikoba. Usimmalize mmoja ndipo umwanze mwingine. Hapo ndipo zile wiki sita zilipokwenda. Ukimaliza, rangi ya maji nyeusi iliyochanganywa nyembamba, ipitishe juu ya kila mmoja ili ijikusanye kwenye mikunjo. Ikikauka, utashangaa. Wale ambao dakika ishirini zilizopita walionekana kama michoro ya mtoto, ghafla wana vivuli chini ya mikono na mashavu. Rudisha mwanga kidogo kwenye mabega na puani, gundisha mchanga kwenye vitako, basi.

Kwa namna hiyo askari mmoja atakuchukua kama dakika 40, na nimekuwekea nafasi. Mara 16 ni dakika 640. Nusu saa kila jioni kwa siku 21 ni dakika 630. Ndiyo maana nimesema Jumamosi ya nne: wiki tatu za rangi, na wiki moja ya kuwaosha, kukausha, na ile jioni utakayorudi umechoka usishike brashi.

Ukiwa na hesabu hiyo mkononi, rudi kabatini. Una askari 375 ambao hawajakamilika. Kwa dakika 40 kila mmoja ni saa 250. Kwa nusu saa kila jioni ni siku 500 bila kuruka hata moja. Huo uzito unaouhisi kifuani usiku una kipimo, na kipimo chake ni hicho. Sikutajii namba hizi kukutisha. Watu wengi wa mchezo huu huhesabu maboksi na pointi, wala hawahesabu mkono. Jeshi linajengwa kwa kasi ya mkono, na mkono wako ni mzuri ila ni wa taratibu. Boksi unalonunua leo ni miezi ya jioni zako. Linunue ukijua ni miezi ipi.

Bado hujakamilisha mlichokubaliana: batalioni ya pili, mzinga, wapanda farasi. Hivyo kwa sasa vikate kwenye kadibodi. Nasema kwa dhati. Vipande sita vya milimita 40 kwa 40 ni batalioni. Kimoja kikubwa zaidi ni mzinga. Vichache virefu ni wapanda farasi. Andika juu yake jina la kikosi, chora mshale wa upande wanakoelekea. Na usione haya, maana Waprusia wenyewe ndio waliotufundisha. Von Reisswitz alipompelekea mfalme wa Prussia mchezo wake wa vita mwaka 1812, ulikuwa meza yenye vipande vya ardhi vya kupangwa. Mwanawe, luteni wa mizinga, akauendeleza, na mwaka 1824 Jenerali von Müffling, mkuu wa maofisa wanadhimu wa jeshi hilo, akaukubali ufundishiwe maofisa. Ulichezwa juu ya ramani ya kipimo cha 1 kwa 8,000, kila zamu ikiwa sawa na dakika mbili za vita, na vikosi vilikuwa vipande vidogo vya rangi nyekundu na bluu. Hakukuwa na vifungo wala sura za watu. Rafiki yako amejenga Waprusia. Mwambie habari hiyo, ataipenda.

Ila muulize kwanza. Mtu aliyepaka kila kofia ana haki ya kusema kama yuko tayari kupigana na kadibodi. Nadhani atakubali, kwa sababu anachokikosa kwa miezi minne ni mtu wa kukaa naye upande wa pili wa meza. Akisema hapana, chezeni pambano dogo: batalioni yako moja ikilinda shamba na kipande cha barabara, batalioni yake moja na wapanda farasi wake wakilishambulia. Lazima apate cha kushambulia.

Kadibodi ina faida nyingine ambayo wauzaji wa maboksi hawatakuambia. Baada ya michezo miwili mitatu utajua ni kikosi gani unakihitaji. Labda utagundua mzinga mmoja hautoshi, au kwamba wapanda farasi huwajui kuwatumia na wanakufa kila mara katika zamu ya pili. Ndipo unapopaka, kikosi kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikichukua nafasi ya kadibodi yake. Wafaransa ulionao kabatini watakutosha kwa muda mrefu sana.

Kuhusu unga mweupe, hapo nakuomba uwe mwangalifu leo hii. Ni risasi inayooza: mvuke wa asidi, mara nyingi ule unaotoka kwenye mbao kama mwaloni au kwenye kadibodi duni, umeila na kuigeuza kuwa kaboneti ya risasi. Ni sumu. Usiupulize, usiukwangue ukiwa mkavu, na mtoto yeyote asiwaguse. Vaa glavu na barakoa, wafute kwa kitambaa chenye maji, kitambaa ukifunge kwenye mfuko na kukitupa, kisha nawa mikono kwa sabuni. Waliooza juujuu unaweza kuwaokoa kwa praima na rangi, kisha uwahifadhi kwenye chombo cha plastiki nje ya kabati la mbao. Walioliwa hadi miguu imekuwa myembamba, waache. Sikushauri uwauze bila kumwambia mnunuzi wana nini.

Mifupa iuze. Katika barua yako wamepata mistari miwili, na yote ni juu ya mabango na farasi. Hukutaja mtu wa kucheza naye, wala ulichotaka kufanya nao. Wauze pamoja na wale watano uliowapaka, au umpe kijana anayeanza. Utapungukiwa na vijisanamu 96 kwa siku moja, na utalala.

Warumi na Wakarthago usiwauze. Wewe na Hannibal mna historia tangu utotoni, na kitu mtu alichokipenda akiwa mdogo hakitupwi kwa sababu ya kabati. Wafunge kwenye boksi moja, uandike juu yake "baada ya batalioni ya pili", uliweke mahali usipopaona kila siku. Wakati wao ukifika nitakuambia jambo moja la kukutia moyo: kuna kanuni za mapigano ya kale zinazoitwa De Bellis Antiquitatis, zilizotoka mwaka 1990, ambazo jeshi zima ndani yake ni vitako 12 tu. Kwa zile pakiti ulizonazo huenda tayari una pande zote mbili, Roma na Karthago, na pambano linakwisha kwa takriban saa moja. Pengine yeye ndiye atakayeshika tembo. Lakini safari hiyo ulizaneni mezani, wote wawili, mkiwa mmemaliza kupigana ya 1815, na yeye aseme kama anataka.

Umeniuliza pia uchague jeshi gani, kana kwamba wewe peke yako ndiye wa kuchagua. Ulikwisha kuchagua miaka mitatu iliyopita, pamoja na mtu mwingine, na yeye ameshika upande wake hadi leo. Sioni kwamba umepoteza miaka hiyo. Wale wanane wako si kazi ya mtu mvivu. Umebeba tu mambo ya watu watatu kwa mikono miwili.

Jioni ya leo, ukishakata simu, watoe fusilia wako nyuma ya kabati uwapange mezani, wanne wanne, kati ya grenadia na voltija, hivyo hivyo na mikwaruzo yao. Watazame wakiwa safu nzima. Kesho uanze kuwaosha.

Na Jumamosi hiyo rafiki yako akifika, usiwe wa kwanza kumwonyesha ulichofanya. Mwache afungue sanduku lake kwanza, awapange Landwehr wote mahali anapotaka, na akikuwekea mmoja kiganjani, kaa naye.